Mbao Mbili za Kulalia Boti

Tela la kubebea boti, kwa asiyelijua, ni vyuma vitupu na magurudumu mawili. Juu ya vyuma zimefungwa mbao mbili ndefu, moja kulia na moja kushoto, zimefunikwa zulia, na boti ikipandishwa inalala juu ya mbao hizo bila kugusa chuma. Nyumbani kwetu Magomeni, hii ya huku kusini, tulikuwa tunaziita magodoro. Magodoro hayo yalipokuwa yameoza, mengine niliyachagua mimi, na nilikosea, na nataka kueleza nilivyokosea kwa sababu nimeshawasikia watu wakieleza vingine.

Majina ya watu sitayaandika. Si kwamba nimesahau. Nakumbuka majina ya wote waliotengenezewa mashua na marehemu mume wangu, na majina ya mashua zenyewe, na jina la mbuzi aliyekula pembe ya tanga la mmoja wao. Binti yangu amesema watu hawapendi kuandikwa, basi. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Boti ni ya binti yangu huyo, kitinda mimba. Ni ya faiba, ya injini moja, na kazi yake ni pweza. Anakwenda kwa wanawake wanaochokoa pweza kwenye miamba, anawapelekea barafu, anarudi mjini na pweza. Hatuiachi majini kwa sababu ya wezi wa injini. Inakaa uani kwetu juu ya tela, na siku ya kazi mume wake analifunga tela nyuma ya pikapu, wanakwenda nalo Msimbati kwenye ile barabara ya mchanga na mashimo, wanaishushia huko.

Kuna kijiji kimoja mbele ya Msimbati, ukielekea mto Ruvuma unapomwaga maji baharini, ambacho kilikuwa kimefunga mwamba wake miezi mitatu. Mwamba ukifungwa haruhusiwi mtu kuchokoa hata pweza mmoja, ili wakue. Siku ya kufungua wanaiweka kwenye bamvua kubwa, maji yanapokimbia mbali mwamba ukabaki mkavu, na siku hiyo kijiji kizima kinaingia na vijiti. Wanawake wa kule walikuwa wamemwambia binti yangu, "Tutakuuzia wewe, lakini boti na barafu viwepo maji yakianza kurudi. Ukichelewa tunampa atakayekuwepo." Hawakusema kwa ubaya. Pweza akikaa juani ameshaharibika, na wanunuzi wengine walikuwa wanaizunguka siku hiyo kama nzi. Binti yangu alikuwa amewahudumia wanawake wale miaka minne kwa pweza wawili watatu, anasubiri siku kama hiyo.

Zilikuwa zimebaki siku sita mume wake alipolala chini ya tela kupaka grisi, akatoka na kipande cha ubao mkononi. Kilikuwa kinamomonyoka kama mkate uliolowa. Tukafunua zulia. Godoro la kushoto lilikuwa limeoza katikati, kichwa cha bolti kimechomoza, na boti ilikuwa imekalia bolti. Kwenye tumbo la boti palikuwa na mkwaruzo wa kuingia ukucha. La kulia lilikuwa hoi vilevile.

Hapa lazima nieleze habari ya mkwe. Mkwe wangu ni mtu wa Newala, dereva, mtu mzuri. Kwetu mkwe wa kiume hambishii mama wa mkewe. Hali naye sahani moja, hamkazii macho, na nikiwa nimekaa barazani yeye anazungukia nyuma ya nyumba kuingia kwake. Miaka kumi na moja nilikuwa sijasikia kutoka kinywani mwake neno jingine zaidi ya "ndiyo, mama" na "shikamoo, mama". Mimi niliona ni adabu, na ni adabu kweli.

Nilichukua kile kipande nikakikwaruza kwa kucha, nikakinusa. Mbao nyeupe, laini, nyepesi. Nikacheka.

"Mbao ya sanduku la sabuni hii," nikasema. "Aliyetengeneza tela hili kwao hakuna miti."

Mkwe alikuwa anaangalia chini. "Zilikuwa zimekunja mgongo, mama," akasema. "Zote mbili."

"Zimekunja kwa kuoza."

"Ndiyo, mama."

Binti yangu alitaka mkwe aende mwenyewe kutafuta mbao. Nikamwambia mumeo ni dereva, mbao nazijua mimi. Na kweli nazijua. Miaka thelathini na minane nimepikia maranda na vibanzi vya karakana ya baba yao. Kuni sikununua. Kila mti ulioingia pale ulimalizikia chini ya chungu changu, kwa hiyo miti naijua kwa moto. Mwembe una moshi wa kutoa machozi. Mninga ukiwa bado vumbi unakupigisha chafya, ukishika moto unanukia. Mbambakofi, ambao watu wa bara wanauita mkongo, unachelewa kushika, lakini ukishika hauruki cheche, na kaa lake linabaki na umbo la kijiti mpaka ulivunje mwenyewe. Marehemu alikuwa akisema chombo ni mbambakofi, vingine vyote ni mapambo. Mkuku, yaani uti wa mgongo, wa kila mashua aliyoijenga ulikuwa mbambakofi, na ukikuta mashua yake imekufa ufukweni leo, mkuku bado upo.

Basi nikaenda Rahaleo na binti yangu kwa bajaji, kwa muuza mbao mmoja ambaye ni Mngoni wa Songea. Wangoni na sisi ni watani, kwa hiyo pale hakuna salamu ya kawaida.

"Leo Wamakonde wamekuja kununua mbao," akasema hata sijashuka. "Wapeni kiti, wamechoka, wamezoea kuiba."

"Ninyi mlikuja huku na mikuki kuteka watu," nikamwambia, "mkashindwa, sasa mnauza mbao. Nionyeshe mkongo, na usinionyeshe uliopakwa rangi."

Alileta ubao mwekundu, umenyooka, mzuri wa kuangalia. Akaupiga kofi. "Mkongo wa msitu wenyewe huu, mtani. Mjukuu wako ataurithi."

Nikamwomba kibanzi. Akanipa. Nikatoa kiberiti kwenye ncha ya kanga, nikachutama, nikakiwasha. Wafanyakazi wake wakaacha msumeno wakaja kuangalia. Kibanzi kikashika mara moja kama karatasi na kikaanza kuruka cheche.

"Huu umeuokota wapi?" nikamuuliza.

"Jamani! Mmakonde haamini mpaka achome."

"Lete mwingine."

Wa pili nao ulikuwa wa uongo. Wa tatu ulikataa njiti mbili za kiberiti, ukashika kwa ya tatu, ukawaka taratibu bila kelele. Nilisubiri mpaka ukawa kaa, nikaligusa kwa mti. Limesimama. Harufu yake ilinipanda puani nikamwona marehemu na kalamu yake ya risasi sikioni. Nikamwambia Mngoni, "Huu. Nipatie wa pili kutoka gogo hilohilo, na usinidanganye kwa sababu kiberiti bado kipo."

Watu walipiga makofi. Binti yangu mwenyewe alinishika bega akasema, "Mama wewe ni kiboko." Nilirudi nyumbani nimenenepa kwa sifa. Mbao zilikuja na toroli la watu wawili, na wawili hao walikuwa wanahema.

Kazi ya kuzifunga ilikula siku mbili. Tuliinua boti kwa jeki, tukaiegemeza juu ya mapipa na viroba vya mchanga. Mkwe alitoboa mbao zile kwa keekee na keekee zikavunjika mbili. Kila ikivunjika ananiangalia kwa pembe ya jicho, mimi namwambia, "Ndiyo uone ulivyo mgumu. Huu hautaoza," na yeye anasema, "Ndiyo, mama." Jasho linamtoka mpaka kwenye viatu. Tukakaza bolti, tukaviringisha zulia jipya, tukaishusha boti.

Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vitu vya chini vizuri. Nilisikia. Mkwe aliusukuma mkono wa tela kidogo kujaribu, na boti ikasema ko. Akausukuma tena. Ko.

Binti yangu aliinama. Akavua kanga ya juu, akaikunja, akaipenyeza katikati ya ubao na tumbo la boti. Ikatokea upande wa pili. Akaivuta huku na huku kama anayefuta meza.

"Mama," akasema. "Boti imekalia mbele na nyuma tu. Hapa katikati imening'inia."

"Kaza bolti."

"Bolti zimekazwa. Ubao haushuki." Akatambaa mpaka nyuma, tukasikia sauti yake kutoka chini. "Na hapa imeanza kufanya nyufa. Nyembamba, kama utando wa buibui. Bado haijaenda popote, iko uani! Ikifika kwenye mashimo ya Msimbati itapasuka kama yai."

Alitoka na mchanga magotini. Zilikuwa zimebaki siku mbili na nusu.

Mimi nilisema jambo ambalo sasa naliona aibu. Nilisema tela lenyewe limepinda. Nilisema mafundi wa faiba hawajui kazi. Nilisema mashua za baba yako zilikalia mbambakofi miaka yote na hakuna iliyolia. Binti yangu akanijibu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, "Mashua za baba zilikuwa za mbao, mama! Hii ni ganda! Na mume wangu alisema!"

"Alisema nini?"

"Aliniambia mimi, siku ile tuliporudi kutoka Rahaleo. Alisema ubao mgumu hautafaa."

Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya simtanki la maji. Kichwa tu kinaonekana.

"Mwambie mumeo aeleze," nikasema.

"Eleza, mama anataka."

"Mwambie mama," akasema mkwe, na mimi niko hatua nne kutoka kwake, "kwamba boti hii tumbo lake si la kunyooka. Limebinuka kidogo. Zile mbao za zamani zilikuwa laini, zikalifuata. Ndiyo maana zilikunja mgongo."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Mwambie aseme kwa nini hakusema."

"Mwambie mama nilisema."

"Mwambie alisema lini?"

"Mwambie siku ile ya kwanza nilisema zimekunja mgongo, mama akasema zimeoza."

"Mwambie mbona hakuendelea?"

"Mwambie ningeendeleaje na ni mama?"

"Mimi si simu!" binti yangu akapiga kelele. "Semeni wenyewe! Boti inaondoka keshokutwa, nyie mnapeana heshima!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki wawili uani, mimi na mkwe, na simtanki katikati. Kuku walikuwa wanapita. Kwa miaka kumi na moja nadhani hatukuwahi kubaki wawili hivyo.

Nilikaa kwenye kiroba cha mchanga. Nikaifikiria siku ile kwa Mngoni. Moto ulikuwa umeniambia kweli, ubao ulikuwa mbambakofi. Ila sikujiuliza mbambakofi unatakiwa kufanya kazi gani pale. Marehemu aliujengea chombo. Hapa chombo kilikuwa kimeshajengwa, kinatafuta pa kulala. Ile mbao niliyoicheka, nikaiita ya sanduku la sabuni, ilikuwa imechaguliwa na mtu anayejua anachokifanya. Na mtu wa pili aliyejua alikuwa amejificha nyuma ya tangi kwa ajili yangu.

"Baba, njoo mbele," nikamwambia.

Akaja, macho kwenye vidole vya miguu.

"Kwenye habari za tela hili mimi si mama mkwe wako. Ni kibarua. Kibarua akikosea anafanywaje?"

Akafikiri. "Anaambiwa, mama."

"Basi niambie. Mbao gani?"

"Paini."

Kidogo nisonye. Paini kwetu ni mbao za kenchi, za kuezekea, na mafundi wa vyombo wanaziita mbao za banda la kuku. Marehemu hakuwahi kuiingiza karakanani kwake hata moja. Sikusonya. "Paini za Mafinga hizi? Zilizotiwa dawa?"

"Ndiyo, mama. Zinapinda. Na dawa inazuia kuoza. Ila ile dawa inakula chuma, kwa hiyo nitaweka kipande cha mpira wa tairi kila ubao unapogusa tela. Zitadumu miaka mitatu minne, tutabadilisha." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Akaona ameongea sana, akaongeza, "Lakini mama ndiye atakayechagua. Paini nyingi zina mafundo, mimi sijui ipi itavunjika."

Sikujua kama alisema hivyo kwa kweli au kwa adabu. Sijui mpaka leo.

Asubuhi yake nikarudi Rahaleo na binti yangu, ambaye alikuwa hasemi nami. Mngoni alituona mbali.

"Mtani! Umekuja na petroli leo?"

"Nimekuja kununua paini."

Akashika kichwa. "Wewe? Paini? Bibi wa kuchoma mkongo? Njooni mwone, bibi anajenga banda la kuku!"

"Najenga la kukuweka wewe. Nionyeshe zilipo."

Zilikuwa zimepangwa chini ya bati, inchi mbili kwa sita, ndefu za futi kumi na mbili, za kijani kwa dawa. Hapo kiberiti hakina kazi, zote ni mti mmoja na zote zitawaka. Lakini kuna kitu kingine nilichokuwa nakijua na sikuwahi kukifikiria kuwa ni ujuzi. Mwanamke aliyebeba miti kichwani miaka mingi anajua, hatua kumi tu, kama mti una ugonjwa. Mti mzima ukitembea nao unacheza, mbele na nyuma sawasawa, na mchezo wake unaingia kwenye mwendo wako. Wenye fundo baya katikati unacheza mbele tu, nyuma umekufa. Uliochoka ndani unacheza ovyo, unakutoa njiani.

Nilivua kanga nikafanya ngata, nikaiweka kichwani. "Nitwisheni."

"Mtani, acha," Mngoni akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ukianguka hapa wataniambia nimeua Mmakonde."

"Watakushukuru. Nitwisheni."

Walinitwisha. Paini ni nyepesi, niseme kweli, ingekuwa mkongo ningekaa chini. Nilitembea kutoka kwenye bati mpaka kwenye mashine ya msumeno na kurudi. Ule wa kwanza ulikuwa umekufa nyuma. Wa pili nikautua kabla ya kufika. Wa tatu ulicheza vizuri lakini ulikuwa mgumu kidogo. Wa nne ulikuwa mzuri, nikauweka pembeni. Shingo ilikuwa imeanza kuuma, na nilihitaji wa pili unaofanana na huo, kwa sababu godoro moja likibonyea kuliko jingine boti italala ubavu.

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao na simu yake. Akaniangalia. Akaiweka simu kwenye mkoba, akavua mtandio, akaanza kuukunja kuwa ngata. Hakujua kuukunja, ukafumuka. Nikamkunjia.

"Nitembee nao vipi?" akauliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Usiushike. Mikono chini. Utausikia."

"Mama, watu wananiangalia."

"Wamwangalie Mngoni, ndiye mwenye sura ya ajabu."

Nikatwishwa ule wa nne mimi, naye akatwishwa mwingine, tukatembea sambamba. Wake ulikuwa unaruka haraka kuliko wangu, nikaona mwendo wetu haukubaliani. Tukatua, akachukua mwingine. Tukaenda tena. Wa tatu wake, tulipofika katikati ya uwanja, nikasikia hatua zetu zimeingiana. Ubao wangu unashuka na wake unashuka, wangu unapanda na wake unapanda.

"Mama," akasema, shingo imekaza, anaogopa kugeuka. "Huu?"

"Wewe unasemaje?"

Akatembea hatua nyingine tatu. "Huu."

Wafanyakazi walipiga makofi kama ile siku ya kiberiti, lakini mimi sikuyataka. Mngoni alizipakia yeye mwenyewe, huku akiuliza kama tuna binti mwingine wa kubeba mbao, ataoa.

Kufunga hakukuchukua hata saa tatu. Keekee haikuvunjika. Mkwe aliweka vipande vyake vya tairi, mimi nikamwagia mbao maji na kuzifunika magunia mabichi ili zilainike zaidi, na binti yangu akazikwangua zile nyufa za tumboni na kuziba kwa dawa ya faiba. Tulipoishusha boti, mbao ziliinama chini yake polepole, kwa sauti ndogo, zikatulia. Binti yangu alileta kanga tena. Ncha haikuingia. Akajaribu mbele, katikati, nyuma. Akamwangalia mumewe, mumewe akaniangalia mimi, halafu akakumbuka akaangalia chini.

Zile mbambakofi mbili zimeegemea ukutani uani mpaka leo. Watu wanaziulizia. Siuzi, ila sina kazi nazo.

Tuliondoka Magomeni siku ya kesho yake, mchana, na barafu kwenye masanduku, nyuma ya pikapu. Mimi nilikaa mbele na mkwe. Jambo hilo lilikuwa halijatokea, lakini binti yangu alisema yeye atakaa nyuma asikilize boti, na mtu mwingine wa kukaa mbele hakuwepo. Kwenye kila shimo tulitega masikio wote watatu. Haikusema ko. Tulifika Msimbati maji yamejaa kabisa, saa kumi, na maji ya bamvua yakijaa hayakai. Yakianza kutoka yanatoka mbio, na tela likiachwa mchangani na boti juu yake, mpaka yajae tena ni alfajiri. Alfajiri tungekuwa tumeshachelewa, kwa sababu mwamba ulikuwa mbali bado na saa nne asubuhi maji yangekuwa yameshatoka, watu wamo mwambani.

Mkwe alirudisha pikapu nyuma, tela likaingia majini, mpaka maji yakafunika magurudumu, yakafika kwenye mbao. Akasimama. Mimi nilishuka, nikasimama kwenye maji ya magoti, nikaona boti haijainuka. Nikaanza kupiga kelele.

"Rudi! Rudi zaidi! Haijaelea hiyo! Maji yanaondoka!"

Alitoa kichwa dirishani. Akaangalia maji, akaangalia mchanga nyuma ya magurudumu ya pikapu, ambao ulikuwa umeanza kulainika. Akaniangalia mimi, usoni.

"Hapana, mama," akasema.

Binti yangu, aliyekuwa ndani ya boti ameshika kamba, aligeuka kama aliyesikia bomba la gesi limepasuka.

Mimi nikafunga mdomo. Si rahisi kufunga mdomo ukiwa ndani ya maji na siku sita za kazi ziko mbele yako juu ya magurudumu. Nikahesabu mawimbi. La kwanza likapita chini ya boti, hakuna. La pili likaitikisa. La tatu likainua nyuma yake, na binti yangu akasukuma kwa mti, na boti ikateleza juu ya zile paini zilizolowa kama mtu anayeshuka kitandani, ikawa majini yote. Tela likabaki tupu, mbao zake zikarudi juu kidogo baada ya kutua mzigo.

"Sasa barafu," mkwe akasema, na tukaanza kupokezana masanduku, yeye ananipa mimi, mimi nampa binti yangu. Yeye ndiye aliyesema lipi litangulie.

Injini iliwaka mara ya pili. Binti yangu alikwenda kulala kule kijijini kwa wanawake wake, sisi tukarudi Magomeni, na kesho yake saa tano kasoro simu iliita. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Alisema barafu inaisha na pweza bado wanaletwa, tumletee nyingine pale Msimbati.

Nikamwambia mkwe tupakie masanduku yote yaliyopo. Akasema yote hayafiki, nusu itayeyuka njiani, tupakie manane na kuyafunika vizuri. Tukapakia manane.